Neno Lililomfukuza Mtoto



Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya Kipaimara, msichana mmoja wa kikundi chetu alibaki ukumbini akiwa na kitabu cha hadithi za Kiingereza. Alikuwa akijiandaa kutafuta kazi upande wa Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, ambako madereva wa malori na wafanyabiashara wengi huzungumza Kiingereza, na kile alichojifunza shuleni hakikumtosha. Kwa kuwa tulisomea ualimu kabla ya kukabidhiwa kazi ya ukatekista, alituomba tumsaidie. Tukasoma pamoja mpaka tukafika mahali ambapo mwandishi alieleza habari za mjane, akasema kwamba madeni ya marehemu mumewe yalikuwa yamekula nyumba, yamekula ng'ombe, na mwishowe yamekula hata usingizi wake.

Msichana alitafsiri neno kwa neno, kisha akasita. "Mwalimu," akauliza, "hata kwa Kiingereza vitu visivyo na mdomo vinaweza kula?"

Tulicheka kidogo, tukamjibu kwamba ndivyo. Yeye hakucheka. Alisema kwamba katika nyumba ya jirani yao kuna mtoto wa miaka tisa, na tangu baba yake alipofariki, watu wa ukoo husema kwamba mtoto huyo ndiye aliyemla. "Sasa kula huko, Mwalimu, ni kula kwa namna gani?"

Swali hilo lilitunyamazisha. Miaka mingi iliyopita tulilisikia neno hilohilo likisemwa juu ya mtoto mwingine, nasi hatukuuliza lolote. Habari hiyo tutaieleza hapa chini. Lakini kwanza tumjibu msichana kama alivyouliza, yaani kama swali la lugha, kwa sababu asiyejua kutenganisha maana ya neno na mfano wake anaweza kumdhuru mtu akidhani anasema kweli.

Zamani, katika masomo ya ualimu, tulifundishwa kwamba mifano na tamathali ni mapambo ya washairi. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, George Lakoff na Mark Johnson, walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba sivyo: maneno ya kila siku yamejaa mifano, na wasemaji hawaioni tena kwa sababu wameizoea. Mwingereza huzungumza juu ya wakati kana kwamba ni fedha: anautumia, anauokoa, anaupoteza. Nasi twasema vivyo hivyo kwamba tumepoteza wakati, ingawa hakuna mfuko uliotoboka. Twasema kichwa cha treni, mguu wa meza, mdomo wa chupa. Twasema kupiga magoti, na hakuna Mkristu anayeyachapa magoti yake kanisani.

Basi tutajuaje neno lipi limetumika kwa maana yake ya msingi, na lipi limetumika kwa mfano? Mwaka 2007 wataalamu kumi waliounda kundi liitwalo Pragglejaz, jina lililotungwa kwa herufi za mwanzo za majina yao, walichapisha utaratibu wa kuchunguza jambo hilo katika maandishi ya Kiingereza. Kwa ufupi, utaratibu wao ni huu. Soma maandishi yote kwanza, upate kujua yanahusu nini. Kisha chukua neno mojamoja na uulize: hapa lina maana gani? Halafu uliza tena: je, mahali pengine neno hili lina maana iliyo ya msingi zaidi, yaani ile inayoshikika, inayoonekana, inayohusu matendo ya mwili? Ikiwa maana hizo mbili zinatofautiana, lakini ile ya hapa inaeleweka kwa kulinganishwa na ile ya msingi, basi neno hilo limetumika kwa mfano.

Tulifanya hivyo na msichana wetu. Maana ya msingi ya kula ni kutia chakula mdomoni, kutafuna na kumeza. Mwenye kula hushiba, na kilicholiwa hupungua. Deni halina meno. Lakini mali ya mjane ilipungua kidogo kidogo kama chakula kinavyopungua sahanini, na kwa sababu ya kufanana huko mwandishi alichagua neno lile. Huo ni mfano, nao ni mfano mzuri, kwa maana tunalielewa deni vizuri zaidi kuliko tulivyolielewa kabla ya kusoma. Sisi wenyewe husema kwamba mtu amekula pesa za kikundi, amekula hasara, au watu wamekula njama, wala hakuna anayetazama kama midomo yao ina mafuta.

Tulimwonya kuhusu mambo mawili. La kwanza, kila lugha ina mifano yake, na neno lile lile haliuvuki mpaka likiwa na mzigo ule ule. Katika hadithi hiyo mama mwingine, aliyefiwa na mwana, alisemwa kwamba moyo wake ulivunjika. Msichana akaandika kwamba mama yule alivunjika moyo. Lakini kwetu mtu aliyevunjika moyo ni yule aliyekata tamaa ya kuendelea na kazi, hali Mwingereza alikusudia huzuni kubwa ya msiba au ya mapendo. Maneno yalikuwa sawa, na maana ilikuwa imepotea.

La pili, msemaji anayekuhakikishia kwamba hasemi kwa mfano si lazima awe hasemi kwa mfano. Waingereza wana neno lao la kutangaza kwamba jambo ni hivyo hasa, kama lilivyotamkwa. Kamusi kubwa ya Oxford inaonyesha kwamba tangu mwaka 1769 watu wamelitumia neno hilohilo kutia chumvi mambo ambayo hayakutokea hata kidogo. Nasi hatuko mbali nao: kijana aliyechelewa kupata chakula cha mchana huapa kwamba amekufa kwa njaa, kweli kabisa, naye amesimama mbele yetu akizungumza.

Kanisa halikungojea wataalamu wa siku hizi ili lishughulikie jambo hili. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba Maandiko yanapotaja mkono wa Mungu, hayakusudii kusema kwamba Mungu ana kiungo cha mwili. Yanakusudia uwezo wake wa kutenda. Tena aliongeza jambo ambalo vijana wengi hulikosa: maana iliyokusudiwa kwa njia ya mfano ndiyo maana halisi ya maandishi hayo. Kwa hiyo anayeshikilia kwamba Mungu ana vidole na kiwiko, akidhani anaheshimu Maandiko, hakuyasoma sawasawa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Ufunuo ya mwaka 1965, ulituagiza tutafute kile mwandishi alichokusudia, tukiangalia namna ya uandishi aliyoitumia.

Na ndani ya Injili yenyewe kuna shule ya jambo hili. Nikodemu alisikia habari ya kuzaliwa upya, akauliza mzee atarudije tumboni mwa mama yake. Yezu alimweleza kwamba anasema juu ya maji na Roho. Mwanamke Msamaria kisimani pa Yakobo alisikia habari ya maji ya uzima, akafikiria ndoo na kamba. Yezu akamwongoza hatua kwa hatua. Alipowaonya wanafunzi juu ya chachu ya Wafarisayo, wao wakahangaika kwamba hawakubeba mikate. Akawaeleza kuwa hakuwa akisema habari za mikate. Aliposema kwamba Lazaro amelala, wakadhani kwamba mgonjwa atapona. Akawaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Kila mara msikilizaji aliposhika vibaya, Bwana alimsahihisha, kwa kuwa hakupenda mtu apotee kwa sababu ya neno.

Sasa tazameni sura ya sita ya Yohane. Pale Yezu alisema juu ya kuula mwili wake na kuinywa damu yake. Wasikilizaji walishtuka, na wengi wakaacha kumfuata. Safari hii hakuwakimbilia awaambie kwamba ulikuwa mfano tu. Aliwageukia wale kumi na wawili, akawauliza kama wao pia wanataka kwenda. Kwa sababu hiyo Kanisa, hata katika Mtaguso wa Trento mwaka 1551, limeshika kwamba katika Ekaristi Kristu yupo kweli, si kwa namna ya nyama inayouzwa sokoni, bali chini ya maumbo ya mkate na divai. Kula kwa altareni si usemi wa kupamba sala.

Mpaka hapo tulikuwa tumempa msichana mafundisho mazuri. Lakini alikuwa bado anatutazama, kwa kuwa swali lake lilimhusu mtoto wa jirani, nasi tulikuwa hatujalijibu.

Ni wakati wa kuungama tulilofanya. Tulipokuwa tungali wageni katika kazi hii, tulikuwa na mvulana wa miaka kama kumi katika darasa la Komunyo ya kwanza. Alikuwa mwepesi wa kushika mafundisho, na alipenda kukaa karibu na mlango. Mama yake alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Mvulana akakosa mafundisho majuma mawili, kisha matatu, nasi tukaenda kumtafuta. Mjomba wake alitupokea mlangoni, wala hakutukaribisha ndani. "Baba katekista," alisema, "mtoto yule amemla mama yake. Hatuwezi kulala naye nyumba moja."

Tulijibu, "Poleni sana kwa msiba." Tukaaga, tukaenda zetu.

Tulikuwa na cheti cha ualimu. Mtoto wa shule akiandika kwamba jua linacheka, tulijua kumuuliza amekusudia nini. Lakini mbele ya sentensi ile, iliyokuwa ikimtoa mtoto nyumbani kwao, hatukuuliza neno hata moja. Baada ya miezi kadhaa tulimkuta sokoni akibeba mizigo ya wanunuzi. Usiku alikuwa akilala chini ya meza za wauzaji. Alitusalimu kwa adabu, akatuuliza kama jina lake lingali kwenye orodha ya Komunyo. Nasi tulimwambia kwamba aje na mzazi au ndugu wa kumsimamia. Hakuja, na hatujamwona tena hadi leo.

Vijana wapendwa, tuyapime maneno ya mjomba yule kwa utaratibu tuliompa msichana. Maana ya msingi ya kula ina mdomo, meno na kilicholiwa. Hapo hapakuwa na hata kimoja. Palikuwa na mwanamke aliyeugua, akadhoofika, akafa. Kama mjomba angesema kwamba ugonjwa umemla dada yake, angekuwa amesema kama yule mwandishi wa Kiingereza, na sisi sote tungeelewa na kulia pamoja naye.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba ingetosha kumwambia, "Mzee, huo ni mfano tu." Yeye hakusema kwa mfano. Aliamini kwamba mtoto amekula kweli, ila kwa namna iliyofichika, usiku, mahali ambapo jicho halifiki. Na hapo ndipo hatari ilipo. Msemo wa huzuni, kwamba kifo kimetula, ulikuwa umetafuta mdomo. Huzuni haivumilii kukaa bila mtu wa kulaumiwa. Ugonjwa hauna uso wa kupigwa kofi, na deni la hospitali haliwezi kufukuzwa nyumbani. Kwa hiyo neno likashuka kutoka kwenye kifo na kumwangukia mtu, na huyo mtu hakuwa tajiri wala mwenye nguvu katika ukoo. Alikuwa yatima, aliyekuwa na tumbo la kulishwa na hakuwa na mtetezi.

Hatusemi kwamba uovu haupo duniani. Kila mwaka, katika kesha la Pasaka, tunamkataa Shetani pamoja na mambo yake yote. Tunachosema ni kwamba usemi wa msiba si ushahidi. Anayesema kwamba mtu ameua ana wajibu wa kuonyesha. Asipoweza kuonyesha, amemshuhudia jirani yake uongo, na amri ya nane inamhusu. Sheria ya nchi yetu nayo haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwamba ni mchawi, na inalitaja jambo hilo pamoja na kuwatupa watoto na kuwatesa. Sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu kwa anayefanya hivyo. Na hapa Lubumbashi, nyumba za Wasalesiani wa Don Bosco zinazobeba jina la Mwenye Heri Isidori Bakanja zimepokea watoto wa mitaani kwa miaka mingi. Mtu yeyote akisema kwamba maneno hayavunji mifupa, na aende akaongee na watoto waliofukuzwa kwao, awaulize neno la mwisho walilosikia nyumbani lilikuwa lipi.

Lipo jambo moja zaidi ambalo lilitujia usiku ule, baada ya msichana kwenda zake. Kosa letu lilikuwa na upande wa pili. Yezu alifundisha kwamba siku ya mwisho tutaulizwa juu ya mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Ni mara ngapi sisi katekista tumefundisha kwamba njaa hiyo ni njaa ya Neno la Mungu, na uchi huo ni ukosefu wa neema? Hatusemi kwamba mafundisho hayo ni uongo. Lakini njaa ya yule mvulana wa sokoni ilikuwa ya tumboni. Ugeni wake ulikuwa wa kukosa mahali pa kulala. Maana ya msingi ilikuwa mbele ya macho yetu, ikitusalimu kwa adabu, nasi tukaijibu kwa habari za orodha na msimamizi.

Ndipo tukatambua tabia yetu. Neno linalomwangukia mwingine, twalichukua lilivyo: mtoto amekula, basi amekula. Neno linalotutaka tufungue mlango na kutoa sahani, twaligeuza kuwa mfano. Hatukukosea kwa kukosa elimu ya lugha. Tulichagua maana iliyotugharimu kidogo. Kwa hiyo, kwenye utaratibu wa wale wataalamu kumi, tungependa kuongeza swali moja la mkristu: nikilichukua neno hili hivi, nani atalipa? Ikiwa daima ni mwingine anayelipa, na tena ni mdogo kuliko mimi, yafaa nirudi nisome upya tangu mwanzo.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, tulikwenda pamoja na msichana na kiongozi wa jumuiya yao ndogo kwenye nyumba ya jirani. Bibi wa mtoto alitukaribisha, akatupa viti. Hatukuanza na Katiba. Tulimwomba atusimulie jinsi mwanawe alivyougua. Alisimulia kwa muda mrefu: kikohozi, kukonda, dawa zilizoanzwa na kuachwa kwa sababu ya fedha, safari ya mwisho ya hospitali. Alipomaliza tulimuuliza, "Mama, katika hayo yote uliyotueleza, mtoto huyu alikula nini?"

Alikaa kimya. Mwishowe akasema, "Alikula ugali pamoja nasi, pale ulipopatikana."

Hatuwezi kuwaambia kwamba yote yalikwisha siku hiyo. Shangazi mmoja bado hataki kumwona mtoto, na maneno ya mtaani hayajatulia. Lakini mtoto angali analala nyumbani kwa bibi yake, jumuiya imeahidi kusaidia kulipa ada yake ya shule, na siku za Jumamosi msichana huja naye kwenye mafundisho. Amezoea kukaa karibu na mlango. Jina lake tumeliandika kwenye orodha sisi wenyewe, bila kungoja aje na msimamizi.

Tunawaachia maswali matatu ya kujadiliana katika vikundi vyenu.

1. Katika mtaa wenu, ni neno gani la mfano ambalo watu wamelichukua kama ushahidi dhidi ya mtu?

2. Ni agizo gani la Injili ambalo sisi tumeligeuza kuwa mfano ili lisitugharimu?

3. Ukisikia kesho kwamba mtoto fulani amemla mtu, swali lako la kwanza litakuwa lipi, na utamuuliza nani?

Tumwombee yule mvulana wa sokoni, ambaye sasa ni mtu mzima, popote alipo. Nanyi mtuombee sisi.